Wakili Mlangoni, Sufi Masikioni

Mafiga ya jikoni kwetu yalikuwa matatu kama ya watu wote, lakini mama yangu aliwaambia wageni kwamba la nne ni mimi. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari huko pwani, nikarudi Garsen na suruali ndefu mbili na Kiingereza cha kutosha kumtisha mbwa, nikaketi. Watu walingoja niende Mombasa kuwa karani. Mimi niliiona Mombasa: ina kelele, na kitanda changu hakiko huko. Kwa hiyo nilikaa uani, nikawafundisha watoto wa jirani hesabu kidogo, na habari za mto mzima zilinifikia nimekaa, kwa sababu mtu asiyetoka huletewa.

Jina likanishika. Hata watoto walinisalimu, "Shikamoo, Figa la Nne."

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Huku kwetu Tana hapakuwa na vita vyovyote, ila woga uliletwa kwa lori pamoja na sukari. Kukusanyika kulitaka kibali. Jirani yetu mmoja alikuwa akinywa chai na wageni wake madirisha wazi, tena akipaza sauti, "Ongeza maziwa!" ili apitaye ajue kinachopikwa ni chai. Ukimwona mtu amenyamaza ulijiuliza anaficha nini. Ukimwona anasema sana ulijiuliza nani amemtuma.

Katika hali hiyo ndipo alipokamatwa mtoto wa mjomba wangu.

Binamu yangu huyo alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa maneno mengi lakini yote ya shambani. Chifu alitaka watu wa kujenga tuta la barabara, kazi ya serikali, isiyo na hiari. Asubuhi moja watu wachache walikwenda, wengi hawakwenda. Chifu akapeleka habari kwa wakubwa kwamba binamu yangu alisimama asubuhi hiyo kwenye kivuko, akawaambia watu wasiende. Askari walimkuta shambani chini ya dungu lake, lile jukwaa la miti tunalopanda kuamia ndege wasile mpunga. Walimchukua na teo yake ya kurushia ndege mawe bado mkononi, wakaiandika teo hiyo kuwa silaha.

Kosa la uchochezi siku zile halikuwa kosa la kucheka. Mtu aliweza kupelekwa mbali, akarudi mzee au asirudi.

Ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa ndiye aliyetuletea wakili.

Alishuka kwenye lori la mizigo akiwa mwekundu kwa vumbi kama aliyepakwa. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, mwembamba, mwenye koti zito lisilofaa kwa joto letu na mkoba wa ngozi alioukumbatia kama mtoto mgonjwa. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, jambo lililonikera tangu siku ya kwanza. Sifa zake zilikuwa zimetangulia. Alitetea watu ambao wengine waliogopa hata kuwaitikia salamu. Serikali ilisema ni mchochezi mwenye joho. Wafanyabiashara wa kabila lake walisema anawaharibia. Mawakili wenzake, tuliambiwa, walisema anapenda kuonekana magazetini. Akaletwa kulala kwetu kwa sababu nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na kiti chenye mgongo.

Mama alinivuta nyuma ya jiko.

"Anataka kiasi gani?"

"Hataki kitu, mama."

"Hataki kitu?"

"Amesema hivyo."

"Basi fungia kuku. Mtu anayekufanyia kazi bure, bei yake hajaitaja tu." Akachungulia ukumbini. "Na huo mkoba mbona haufungui? Wewe msomi, niambie: huyu amekuja kututetea au kututeta? Maana maneno hayo yamekaa kitanda kimoja."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikaenda kufungia kuku.

Wakili alikwenda kwanza mahabusu, akakaa na binamu yangu muda mrefu, askari akiwa amewekwa mbali asisikie. Alirudi kwa kupitia mashambani, akasema neno moja tu: "Mke wake. Nataka kuonana na mke wake. Asubuhi ile walikuwa pamoja shambani, na wenye mashamba ya jirani wote wanasema hawakuona wala hawakusikia."

Hilo la majirani nilijua maana yake. Kila mmoja alikuwa na shamba, na chifu alikuwa na jicho.

Tukaenda. Shemeji yangu alikuwa mwanamke wa Ozi, kule chini karibu na bahari, aliyeolewa huku kwetu juu na hakuacha kutukumbusha kwamba ameshuka daraja kwa kupanda mto. Alikuwa anapepeta mchele. Wakili akavua kofia, akainama kwa adabu, akasema kwa ule Kiswahili chake cha kunyooka:

"Hujambo, mama. Mimi ni wakili wa mumeo."

Ungo ulianguka. Mchele ulimwagika. Shemeji aliziba masikio kwa viganja, akaingia ndani, na tukasikia komeo.

Wakili alinitazama. Mimi nikatazama mchele. Tulibisha, tukabembeleza mpaka giza. Kulipopambazuka kesho yake nyumba ilikuwa tupu, na mtumbwi wa binamu yangu haukuwapo ufukoni.

Ni mama aliyenifumbua macho, na alifanya hivyo huku akigeuza samaki bila hata kunitazama.

"Kwani nyinyi mlimwambiaje?"

"Kwamba huyu ni wakili wa mumewe."

"Wapumbavu wawili," mama alisema. "Mmoja na koti."

Ndipo nikaelewa. Kwa mtu wa Mombasa, wakili ni mtu wa korti. Shemeji yangu korti hakuijua, lakini wakili alimjua vizuri sana: ni yule mtu unayemtuma aseme kwa niaba yako katika mambo ya ndoa. Wakili humsimamia bwana harusi aliye safarini. Na mume asiyeweza kufika mwenyewe, kwa mfano aliyefungwa, akitaka kumwacha mkewe humtuma nani? Shemeji alikuwa ameletewa mlangoni kwake mtu mgeni, mwenye mkoba, mwenye huzuni usoni, akajitaja mwenyewe kuwa ni wakili wa mumewe. Kilichobaki ni talaka tu.

"Na kwa nini adhani ataachwa?" nilimwuliza mama.

Mama akafunika samaki. "Mimi sijui kitu," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua.

Siku ya kesi ilikuwa inakaribia. Wakili akaamua tumfuate Ozi. Nilimweleza kwamba mimi si mtu wa safari, kwamba maji ya mto hunitia kizunguzungu, kwamba kuna viboko. Akasema, "Binamu yako naye hapendi alipo."

Tulishuka na maji, mimi, wakili, na mpiga kasia mmoja wa Ngao asiyependa maswali. Wakili alikaa katikati ya mtumbwi na koti lake na mkoba mapajani. Tulipopita Ngao watu walisimama kututazama. Tulipofika Kau tayari walijua sisi ni nani. Hatukuulizwa "Habari za safari?" Tuliulizwa, "Yule mwenye mkoba ndiye?" Mimi nililala Kau kwenye mkeka wa watu, mbu wakinisomea, nikiwaza kitanda changu.

Ozi tulimkuta kaka yake shemeji amekaa kizingitini, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuwa akitungoja tangu juzi. Mlango nyuma yake ulikuwa umerudishwa.

"Karibuni," alisema bila kusogea. "Dadangu hasikii."

"Ni mgonjwa?" niliuliza.

"Ametia sufi masikioni. Ameutumbua mto wangu wa kulalia tangu alipofika. Asema talaka isosikiwa haijafika."

"Masheikh hawasemi hivyo," nilimwambia, kwa kuwa nimesoma.

"Masheikh hawakuolewa na binamu yako."

Kutoka ndani ikaja sauti ya shemeji, kali, ya mtu asiyejisikia anavyopiga kelele: "Figa la Nne amekuja? Ametoka nyumbani? Basi kweli nimeachwa! Huyu hatoki kwao ila kwa msiba!"

Nilianza kueleza. Nilimweleza kaka yake mambo ya korti, mambo ya mashtaka, tofauti ya wakili na wakili. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akamgeukia Mhindi.

"Bwana wakili, mimi swali langu ni moja. Shemeji yangu alipokutuma, alikupa neno lolote la dadangu?"

Nilimtazama wakili nikitabasamu. Neno moja, hapana, na tungekuwa tunakula wali. Wakili akatoa kitambaa, akajifuta shingo.

"Aliyoniambia mteja wangu ni siri ya kazi yangu," alisema. "Siwezi kusema alisema. Wala siwezi kusema hakusema."

Hata mpiga kasia aligeuka.

Kaka yake alicheka kicheko kibaya. "Wakili gani huyu afichaye alotumwa? Wakili hutumwa ili aseme! Ukimtuma mtu akakuolee mke, akifika kwa wakwe akasema ni siri, si atapigwa?"

Nilimvuta wakili kando, nyuma ya ukuta wa udongo.

"Sema tu hukutumwa talaka. Yaishe."

"Nikisema leo kwamba hili hakuniambia, kesho nikinyamaza kuhusu jingine kila mtu atajua aliniambia. Nikifungua mlango mara moja, sina mlango tena."

"Lakini hukutumwa, au ulitumwa?"

Alinitazama kwa upole, macho ya mtu aliyezoea kuulizwa na watu wabaya kuliko mimi. Hapo kwa mara ya kwanza nilimwogopa. Niliona mtu anayeweza kukaa kimya mbele ya mwanamke anayelia, na bado akaukunja mguu vizuri asichafue suruali.

Aliyetuokoa ni shemeji mwenyewe. Alikuwa ametoa sufi sikio moja, nadhani kwa uchovu wa kutosikia tunamsema nini. Akatoka nje amejitanda, macho mekundu.

"Kesi ni lini?"

Tukamwambia.

"Na yeye atakuwapo? Mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Atakuwapo," alisema wakili.

"Basi nitakwenda. Si kwa ajili yako wewe wa siri. Nitakwenda nimwulize mbele ya watu." Akanigeukia. "Na wewe shemeji, ukae mbali nami katika mtumbwi. Mwanamume anayetapika mtoni anaita mamba."

Korti ilikuwa banda la makuti pale Garsen. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, ambaye ndiye aliyekuwa hakimu, alikuja na meza yake ya kukunja, Mzungu kijana mwenye pua iliyoungua jua. Kulikuwa na inspekta wa kushtaki, na karani wa kutafsiri. Watu walijaa mpaka nje, kwa kuwa huo ulikuwa mkusanyiko wa pekee usiotaka kibali. Chifu alikaa mbele, akigeuka mara kwa mara kutazama nani amekuja. Mama yangu, aliyeapa kwamba hatakanyaga pale, alikuwa safu ya nyuma kwa sababu, alisema, alikuwa akipita.

Shahidi wa chifu alisema alimwona binamu yangu kwenye kivuko jua linachomoza, akiwaambia watu barabara ile si ya baba yao. Aliyasema vizuri, bila kukwama, kama sala.

Kisha akaitwa shemeji. Wakili alimwuliza mahali mumewe alipokuwa jua linachomoza.

"Juu ya dungu, pamoja nami."

"Mkifanya nini?"

"Tukigombana."

Inspekta alisimama kabla mtu hajacheka. "Wewe ni mkewe," alisema, karani akitafsiri. "Mke atasema lolote kumwokoa mumewe. Si kweli?"

Shemeji alimgeukia kama aliyepewa maji.

"Hilo ndilo nililokuja kuuliza mimi! Mimi ni mkewe?"

Bwana Shauri aliweka kalamu chini. Karani alitafsiri, kisha akatafsiri tena.

"Eleza," alisema Bwana Shauri.

Akaeleza. Sijawahi kusikia mwanamke akijivua nguo za heshima hadharani namna ile, na nina hakika hata mwenyewe alikuwa akiona haya, maana alikuwa ameushika ukingo wa meza. Alieleza kwamba asubuhi ile alipitiwa na usingizi, ndege wakashuka kwenye mpunga. Mumewe akamwambia kwao Ozi wanawake hulala kama viboko, mchana kutwa. Yeye akamjibu kwamba mwanamume anayesema na ndege vizuri kuliko anavyosema na mkewe angeoa ndege kwarara. Mumewe akasema, "Nikishuka hapa natafuta mashahidi nikuache!" Yeye akamwambia, "Shuka! Ngazi hiyo!" Akashuka. Walikuwa wamegombana mpaka jua likapanda, na chini ya ngazi askari wakamkuta.

"Tangu hapo sijamwona," alisema. "Nimeletewa huyu," akamwonyesha wakili kwa kidevu, "asemaye ni wakili wake, na alichotumwa hasemi."

"Ugomvi huo ulikuwa wa sauti kubwa?" aliuliza wakili, taratibu sana, kama mtu anayeweka yai mezani.

"Ndege waliacha kula wakatusikiliza."

Hapo nyuma watu walianza kucheka. Kwanza mmoja, kisha banda zima, wale majirani wote ambao hawakuona wala hawakusikia. Bwana Shauri aligonga meza.

"Mnacheka nini?"

Kisha ikaja sauti ninayoijua tangu kuzaliwa.

"Si tulimsikia, Bwana! 'Ngazi hiyo!' Tulimsikia hadi ng'ambo ya mto, chai ikatupalia!"

Mama akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Chifu alikuwa amegeuka. Lakini cheko likishatoka halirudi, na wa pili akasema kweli, na wa tatu akasema ile ya kwarara hasa ndiyo aliyoisikia. Bwana Shauri akawaita mezani mmoja mmoja.

Wakili alisimama akasema kidogo tu. Alisema mwanamke anayetaka kudanganya hudanganya kwa heshima yake, hadanganyi kwa aibu yake. Na shahidi asiyejua hata kama bado ni mke, ataokoa mume gani?

Binamu yangu aliachiwa siku ileile. Lakini kabla askari hajamfungua, shemeji alimsogelea.

"Nijibu. Umeniacha au hukuniacha?"

Na hapa ndipo jambo lilipo. Binamu yangu alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama wakili. Ni kutazama kufupi, lakini mimi niliona, na shemeji aliona. Wakili alikuwa anafunga mkoba wake. Hakuinua kichwa.

"Sijakuacha," binamu yangu alisema.

Nilimsindikiza wakili mpaka kwenye lori. Nilikuwa na swali ambalo nilikuwa nimelitafuna tangu Ozi. "Ulimwacha shemeji na wasiwasi makusudi?" nilimwuliza. "Ulijua kwamba akiwa na shaka ndipo ataaminiwa?"

Alipanda, akaukumbatia mkoba. "Mwambie mama yako asante kwa kuku," alisema.

Kuku hatukumchinjia. Tulikuwa tumewafungia. Mpaka leo sijui kama yale yalikuwa maneno ya kuaga au ya kunidhihaki.

Haukupita muda akazuiwa kuja tena huku Tana. Baadaye nilimsikia redioni na kumsoma magazetini, maana mambo hayo huja nyumbani. Aliwatetea watu wa vyama, akawatetea wavunjao mgomo na waliogoma. Uhuru ulipokuja akawatetea hata baadhi ya wale waliokuwa machifu, na hapo waliomwita shujaa wakamwita msaliti. Watu walibishana juu yake nchi nzima. Huku mtoni ubishi wetu ulikuwa mmoja: katika mkoba ule mlikuwa na talaka au hamkuwa nayo?

Shemeji alibaki. Walizaa, wakalima, wakagombana juu ya dungu jipya. Lakini wakati wowote mumewe alipochelewa kujibu swali, hata swali la chumvi, alimwambia, "Usimtazame wakili. Hayupo."

Redio ilitangaza kifo cha wakili jioni moja nikiwa kwao, mojawapo ya siku chache ambazo mimi hutoka. Walimsifu, kisha wakamtoa kasoro, kisha wakapiga muziki. Shemeji alikaa na bakuli mkononi.

"Amekufa na neno langu," alisema.

Binamu yangu, mvi tupu sasa, aliweka kikombe chini. "Yeye amekufa, mimi nipo," alisema. "Waniuliza kila siku kwa nini nilimtazama. Sasa siri haina mwenyewe. Nikwambie?"

Shemeji aliinuka, akauchukua mto wa kiti, akautumbua kwenye mshono, akachomoa sufi. Akaisokota vipande viwili taratibu, akavitia masikioni, kimoja kimoja, akakaa chini mbele ya mumewe na mikono mapajani.

"Haya," alisema kwa sauti kubwa. "Sema."

Binamu yangu alinitazama mimi. Nikakumbuka kwamba mambo ya talaka kwetu hutaka mashahidi. Nilichukua fimbo yangu, nikaenda zangu nyumbani.